Kuchomelea kwa Mapenzi na Kuchomelea kwa Riziki: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuchagua

Watu wa aina mbili huniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Wa kwanza ni kijana aliyetoka chuo cha ufundi, ambaye mkono wake umeanza kutulia na ambaye husimama kuangalia mshono wa chuma uliolala vizuri kama wengine wanavyosimama kuangalia gari jipya. Yeye huuliza kama afungue karakana. Wa pili ni mtu mwenye mshahara wake, mwalimu au karani, aliyenunua mashine ndogo ya kuchomelea ili atengeneze kitanda kilichovunjika, akaonja utamu wa kuona vipande viwili vya chuma vikiwa kimoja, na sasa anajiuliza kama aache kazi aliyonayo. Wote wawili wanataka kujua kama kitu wanachokipenda kinaweza pia kuwalisha, na kama kikiwalisha kitabaki kile kile.

Nimekaa pande zote mbili. Kwa miaka sita nilitengeneza mageti, madirisha na vitanda katika karakana ya mtaani jijini Dar es Salaam, kisha nikapata kazi nyingine, na tangu hapo ninachomelea siku za mapumziko tu, nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati mawili. Kwa hiyo nitakayoyasema yana upendeleo wa mtu aliyehama upande mmoja kwenda mwingine, na msomaji ayapokee akilijua hilo.

Nani anasema imetosha

Kwa kawaida watu hudhani kinachotenganisha pande hizi mbili ni fedha: huyu analipwa, yule halipwi. Fedha ina nafasi yake na nitaifikia, lakini kinachobadilisha kazi yenyewe, tangu kukata bomba la kwanza hadi kupaka rangi, ni nani mwenye neno la mwisho kwamba kazi imetosha. Anayechomelea kwa mapenzi hujiambia mwenyewe. Anayechomelea kwa riziki huambiwa na mteja, na siku, na bei waliyokubaliana.

Chukua geti la kawaida la nyumba, la mabomba ya mraba na bamba. Mteja akija kulipokea hutazama mambo manne: kama limenyooka, kama linafunga bila kusuguana, kama rangi imekolea, na kama maua ya juu yanafanana na yale ya kwenye picha aliyoileta kwenye simu. Hatazami kama moto uliingia ndani ya kiungo au ulilala juu juu tu, kwa sababu hana jicho la kuliona hilo, na hata angekuwa nalo asingeliona, maana mishono yote ya mbele imeshasagwa kwa grenda, ikapakwa pati ya kuziba mashimo na kufunikwa na rangi. Hapa ndipo mpenda fani anapopata maumivu yake ya kwanza. Mshono ule mzuri, uliopangika kama magamba ya samaki, ambao alijifunza kuulaza kwa miezi mingi, ndio unaotakiwa kuondolewa ili geti lionekane laini. Tena ukisagwa kupita kiasi kiungo hudhoofika, kwa hiyo fundi mzuri wa mageti ni yule anayejua kulaza mshono wa wastani usiohitaji kusagwa sana, na uzuri wa mshono wenyewe haumo kabisa katika hesabu.

Fundi mwaminifu hujiwekea ngazi zake. Bawaba huchomelewa kwa ukamilifu, kwa kuwa ndizo zinazobeba uzito wote, lakini ua la pambo hushikizwa kwa nukta mbili au tatu. Huo si ulaghai, ni kupima nguvu ya kiungo kwa kazi ya kiungo. Lakini ni mawazo ya mtu ambaye mtu mwingine anamsubiri.

Kwa anayechomelea kwa mapenzi hakuna anayesubiri, na uhuru huo una hasara ambayo wengi hawaitaji. Nina kigoda chini ya mwembe ambacho hakijakamilika kwa miaka miwili. Nimekata miguu yake mara tatu. Katika karakana kile kigoda kingekuwa kimeuzwa, kimeliwa na kusahaulika.

Upo pia upande ambao mtu wa karakana ya mtaani hauoni kwa urahisi, nao ni uchomeleaji wa viwandani na wa miradi mikubwa. Huko ni riziki, lakini neno la mwisho si la mteja wala la fundi, ni la kanuni iliyoandikwa na la kipimo. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, ni mfano ulio karibu nasi: katika kazi za namna hiyo kiungo huangaliwa ndani kwa vipimo, na fundi hufanyiwa mtihani kabla ya kugusa bomba. Mmoja wa mitihani inayoheshimika sana ni ule ambapo bomba limeinamishwa kwa nyuzi 45 na haliruhusiwi kuzungushwa, hivyo mchomeleaji ndiye anayelizunguka, akichomelea chini, ubavuni na juu ya kichwa katika mshono mmoja. Sifa hiyo nayo hailali: kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 9606, cheti cha mchomeleaji hutakiwa kuthibitishwa kila baada ya miezi sita kwamba bado anaifanya kazi hiyo. Kijana anayependa mshono kuliko anavyopenda kubuni umbo la kitu anaweza kupata raha yake kubwa huko, mahali ambapo uzuri wa kiungo una bei. Ila hatabuni chochote. Mchoro utakuja umekamilika.

Geti la kumi

Geti la kwanza kila mtu hulipenda. Unalala ukilifikiria, unapima mara tano, unapiga picha. La pili unarekebisha makosa ya la kwanza. Ukifika la kumi, na likawa la mtindo ule ule kwa sababu jirani wa mteja wa tisa alilipenda, ndipo unapoijua nafsi yako.

Kwa anayeishi kwa kazi hii, kurudia ndiko kunakoleta faida. Anayejua kwamba kila mwezi atapata madirisha ya kipimo kile kile hutengeneza kiolezo juu ya meza, hukata vipande vyote kwa mkupuo, hushikiza fremu sita asubuhi na kuzikamilisha jioni. Anayetengeneza dirisha moja moja kila mara kwa ubunifu mpya atafilisika hata kama kazi yake inasifiwa mtaa mzima. Nimemwona fundi wa namna hiyo, mwenye mkono bora kuliko wetu wote, akiondoka karakanani na sanduku lake la zana kwa sababu hakuweza kuvumilia kufanya kitu kile kile mara mbili.

Kwa mpenda fani, kurudia ni zoezi tu. Atalaza mishono hamsini juu ya kipande kimoja cha bamba ili mkono uzoee mwendo, kisha atakitupa. Ni kurudia kwa hiari, na kunaisha anapotaka kuishe.

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini methali hiyo inamfaa mtu asiye na kazi yoyote. Mwenye mshahara anayetaka kuuacha ili afanye anachokipenda anapaswa kujua kwamba hataacha kazi mbaya na kupata mchezo mwema. Atapata kazi nyingine, yenye sehemu zake mbaya, na mchezo aliokuwa nao atakuwa ameupoteza.

Hesabu ya geti moja

Watu hawapendi kuandika hesabu hii, kwa hiyo nitaiandika. Tarakimu ni za mfano tu, zimewekwa ili kuonyesha jinsi fedha inavyogawanyika, na kila mmoja aweke bei za mahali pake.

Tuseme mmekubaliana geti kwa shilingi 1,200,000. Vyuma vinachukua 650,000. Rodi, yaani vijiti vinavyoyeyuka kuwa mshono, na diski za kukatia na kusagia 60,000. Rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu na thina 60,000. Bawaba na komeo 50,000. Gari la kulipeleka 40,000. Umeme 15,000. Msaidizi kwa siku nne 80,000. Jumla ni 955,000, zimebaki 245,000. Toa 35,000 kama sehemu ya kodi ya eneo, zimebaki 210,000. Kama kazi imekuchukua siku tano, umepata 42,000 kwa siku. Kama umeongeza siku mbili kwa sababu hukuridhika na pambo la juu, umepata 30,000 kwa siku, na mteja hatakuongezea hata senti kwa zile siku mbili, kwa kuwa hakukutuma.

Hapo sijaweka siku ambayo umeme ulikatika, wala safari ya kurudi kwa mteja kurekebisha komeo, wala lile baki la malipo ambalo huahidiwa mwisho wa mwezi na mwezi hauishi. Sijaweka pia akiba ya mashine. Mashine itakufa siku moja, na fundi ambaye hakuwa akitenga chochote kwa ajili yake hukopa, au hurudi kufanya kibarua kwa mwenzake.

Upande wa pili hesabu ni fupi: yote ni matumizi. Mtu mwenye mshahara hununua rodi kama mwingine anavyonunua vifaa vya uvuvi, na akipata samaki ni bahati. Neno langu kwake ni moja, nalo ni kali kidogo. Akianza kuwauzia majirani kwa bei ya vyuma, kwa kuwa yeye hahitaji faida, anaiharibu bei ya fundi wa mtaa wa pili ambaye watoto wake wanasoma kwa geti lile. Kama unauza, uza kwa bei ya soko. Kama hutaki fedha, toa zawadi.

Mkono unajifunzia wapi

Katika jambo hili sikubaliani na wenzangu wa karakana, ambao husema mchomeleaji wa Jumamosi hawezi kujua kazi. Ni kweli kwamba saa nyingi hutengeneza mkono. Anayechomelea kila siku hukutana na mambo ambayo hayamo katika somo: umeme hafifu wa jioni unaofanya rodi igande kwenye chuma, bomba jembamba linalotoboka ukichelewa sekunde moja, geti lililokwisha kusimamishwa ambalo haliwezi kulazwa tena hivyo lazima uchomelee wima, kenchi ya paa inayokutaka uchomelee juu ya kichwa huku cheche zikiingia kolani. Hujifunza kuipa rodi ya milimita 2.5 ampea kati ya 60 na 100 bila kutazama namba, kwa kusikiliza tu mlio wake. Hayo hayapatikani kwa saa mbili za wikiendi.

Lakini karakana hufundisha kufanya, na mara chache hufundisha kwa nini. Kwa miaka sita sikuwahi kupasua mshono wangu hata mmoja. Nani angenilipa kuharibu kiungo kizuri? Nilipoanza kuchomelea kwa hiari ndipo nilipokata viungo vyangu kwa msumeno, nikavisugua kwa msasa na kuviangalia, na nikaona aibu: mingi ya mishono iliyopendeza juu ilikuwa haijaingia ndani ya kona. Ndipo nikaelewa pia maana ya namba zilizoandikwa kwenye rodi ambazo nilikuwa nikizinunua kwa rangi ya boksi. Ile ya 6013, ambayo karibu kila karakana yetu huitumia, huwaka kwa upole na kulaza mshono laini, na inafaa kwa vyuma vyembamba. Ile ya 7018 huleta kiungo chenye nguvu na kisichopasuka kwa urahisi, lakini inataka kuhifadhiwa pakavu, kwa kuwa unyevu katika gamba lake huingiza hidrojeni ndani ya chuma. Fundi wa mtaani anayeacha boksi wazi msimu wa mvua hapati hata kidogo ile faida aliyoilipia.

Historia ya wasanii wa chuma inaonyesha kwamba mkono wa riziki na mkono wa mapenzi unaweza kuwa mmoja. Julio González, Mhispania aliyeishi Ufaransa, alijifunza kuchomelea kwa gesi mwaka 1918 katika kiwanda cha Renault, Boulogne-Billancourt. Miaka kumi baadaye Picasso, mchoraji mashuhuri, alipotaka kutengeneza sanamu za chuma alimwendea yeye, kwa kuwa González ndiye aliyekuwa na ujuzi. Mmarekani David Smith, ambaye tayari alikuwa msanii, alichomelea garimoshi na vifaru katika kiwanda cha Schenectady wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akarudi kwenye sanamu zake. Wote wawili walipata kiwandani kitu ambacho chumba cha sanaa kisingewapa: saa nyingi za mkono, kwa gharama ya mwingine.

Karibu na kwetu, nchini Msumbiji, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1992, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kukusanya silaha na kuwapa waliozileta zana kama majembe na baiskeli. Silaha zilizokatwakatwa zilifika mikononi mwa wasanii wa Maputo, nao wakaziunga kuwa viti, ndege na miti. Kiti cha enzi alichokitengeneza Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kwa jina la Kester, mwaka 2001, kimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Namtaja kwa sababu kazi ile isingeweza kuagizwa na mteja wa mageti. Hakuna aliyekuja na picha kwenye simu akisema anataka kiti cha mitutu ya bunduki. Mambo ya namna hiyo hutoka upande ule ambao hakuna anayesema imetosha ila mwenyewe.

Mwili haujui kama unalipwa

Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwanga wa urujuanimno utokao kwenye moto wa kuchomelea nao umo katika kundi hilo. Kwa anayefanya kwa riziki hatari ni ya wingi: saa nane kwa siku, miaka ishirini, mara nyingi akiwa ameinama moja kwa moja juu ya moshi. Kwa anayefanya kwa mapenzi hatari ni ya mahali: hufanyia stoo au gereji iliyofungwa, usiku, akikwepa macho ya majirani, na moshi wa saa mbili ndani ya chumba kile unaweza kuwa mzito kuliko wa siku nzima kwenye uwanja wazi. Ile desturi yetu ya kufanya kazi nje chini ya mti, ambayo wengi huiona kuwa ni umaskini, imeyalinda mapafu mengi.

Maziwa hayasaidii. Nayataja kwa kuwa kila karakana niliyoijua iliamini kwamba nusu lita ya maziwa jioni husafisha kifua, ilhali maziwa hupita tumboni na moshi ulipita mapafuni. Vivyo hivyo vipande vya kiazi mbichi juu ya macho yaliyochomwa na mwanga: vinapoza, lakini haviponyi. Macho hayo huanza kuwasha saa kadhaa baada ya kazi, mara nyingi usiku, kama mtu aliyemwagiwa mchanga, na dawa yake ya kweli ni kioo cheusi kinachovaliwa kabla ya cheche ya kwanza, pamoja na kumwona daktari kama yameshachomeka.

Jambo moja zaidi linawahusu hasa wanaojifunza nyumbani, kwa sababu karakanani mzee mmoja atakuonya na nyumbani hakuna mzee. Bomba au bati lenye zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta anaweza usiku huo kupata homa, baridi na maumivu ya viungo yanayofanana sana na malaria, kisha yakaisha ndani ya siku moja au mbili. Saga zinki yote iishe pembeni mwa kiungo kabla ya kuwasha moto. Na pipa lililowahi kuwa na mafuta usiliguse kwa moto kabisa, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka.

Zana

Hapa sitakawia. Mashine ndogo za inveta zimepunguza umbali kati ya pande hizi mbili, kwa kuwa zinabebeka kwa mkono mmoja na zinafanya kazi kwa umeme wa kawaida wa nyumbani. Tofauti imebaki katika uvumilivu wa mashine, ambao huandikwa ubavuni kwa asilimia ya dakika kumi: mashine ya asilimia 60 huchoma dakika sita na kupumzika nne kwa ampea zilizotajwa. Mpenda fani hupumzika mwenyewe kabla ya mashine. Mwenye karakana atasimama akisubiri mashine ipoe huku mteja amekaa kwenye benchi, kwa hiyo anunue kubwa kuliko anavyodhani anahitaji, na aulize mapema kuhusu umeme wa fezi tatu. Mpenda fani, kwa upande wake, afikirie mashine ya tigi, inayochomelea kwa ncha isiyoyeyuka iliyozungukwa na gesi, na mtungi wa gesi ya argoni kabla ya kununua inveta ya pili. Ni ya polepole mno kwa mageti, na ndiyo maana karakana nyingi hazina, lakini kwa anayependa kuona chuma kikiyeyuka na kuungana kwa utulivu hakuna kinachoikaribia.

Kikianguka

Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Tangi la ukubwa huo likiwekwa juu ya mnara wa chuma, mita nne kutoka ardhini, kila kiungo cha mnara ule kinabeba uhai wa wanaopita chini. Fundi anayeishi kwa kazi hii anafahamika alipo, jina lake linajulikana, na akikosea watamfuata. Woga huo unamfundisha adabu. Anayefanya kwa mapenzi huombwa mnara ule na shemeji yake kwa maneno matamu, “wewe si unajua kuchomelea”, naye hukubali kwa kuwa ni heshima kuombwa. Ushauri wangu ni kwamba akatae. Atengeneze meza, taa, kigoda, banda la kuku, sanamu. Kitu kinachobeba mtu juu hewani au kinachoning'inia juu ya watu amwachie aliyepimwa. Hata milango ya geti la kusukuma, ambayo watu huiona kuwa ni kitu chepesi, ikikosa kizuizi mwishoni mwa reli huweza kumwangukia mtoto.

Cheti kina maana yake hapa pia. Kwa Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazini bila kupita chuoni, utaratibu unaojulikana kama urasimishaji wa ujuzi, na kwa Kenya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, huwatahini mafundi kwa madaraja. Anayetaka riziki aufuate utaratibu huo mapema, kwa kuwa zabuni na viwanda havisomi mishono, vinasoma karatasi. Anayetaka mapenzi tu hauhitaji, ingawa kupimwa na mtu asiyekujua ni dawa nzuri ya majivuno.

Nani achague nini

Kijana aliyemaliza chuo na hana mshahara, simshauri aanze na sanaa, hata kama mkono wake unamvuta huko. Afanye mageti na madirisha mwaka mmoja au miwili chini ya fundi mwingine, kwa sababu saa zile za mkono hazinunuliki na wanunuzi wa sanamu ni wachache mno kulipia chakula cha mtu anayejifunza. Aweke kando siku moja ya wiki, na vipande vinavyobaki kwenye kona ya karakana, ambavyo mwenye karakana huviuza kwa kilo, avinunue yeye. Baada ya muda ataona kama mkono wake unaelekea kwenye viwanda na vipimo, kwenye karakana yake mwenyewe, au kwenye zile kazi ambazo hakuna aliyeziagiza.

Mwenye mshahara simshauri auache, isipokuwa kama amekwisha kuuza kwa bei ya soko, kwa watu wasio ndugu zake, kwa miezi kadhaa mfululizo, na bado anaamka akitaka kuwasha mashine. Wapo wanaofaulu. Lakini wengi niliowaona hawakushindwa kwa ufundi. Walishindwa na Jumatatu, siku ambayo lazima ufanye dirisha usilolitaka kwa mtu usiyempenda.

Kwa asiye na hakika, lipo jaribio ambalo halihitaji zaidi ya mwezi mmoja. Tafuta mtu asiye jamaa yako, mwenye mgahawa mdogo kwa mfano, akuagize vigoda vinne vinavyofanana, kwa bei mliyoandikiana na tarehe mliyoandikiana, kisha uvitengeneze baada ya saa za kazi. Usijitazame katika kigoda cha kwanza wala cha pili. Ukifika cha nne, angalia mikono yako inafanya nini. Kama imeshatengeneza kiolezo, inakata miguu yote kwa mkupuo na kutafuta jinsi ya kumaliza mapema, nenda kaulizie kodi ya eneo. Kama cha nne kimechelewa siku tatu kwa sababu uliamua kupinda miguu yake kwa namna ambayo hukuifikiria katika vile vitatu, mpe mwenye mgahawa vitatu na umrudishie fedha ya kimoja. Kile cha nne kaa nacho nyumbani.